Goti la Ndaki na Binti wa Melania

Ndaki Bujiku akikuchukia, alikuchukia wewe na kuku wako. Hiyo ndiyo sifa ya kwanza ambayo mtu yeyote wa kijiji chake, nusu saa kwa pikipiki kutoka Kolandoto, angekutajia. Ya pili ni kwamba alikuwa mchapakazi. Miaka kumi na tisa alifanya kazi kwenye machimbo madogo ya dhahabu huko Geita. Hakuwa mwenye shimo wala mnunuzi. Alikuwa mbebaji. Alishuka duarani, yaani ndani ya shimo, kwa ngazi za magogo, akapanda na kiroba cha mawe mgongoni, akakimwaga, akashuka tena. Aliporudi nyumbani kwa mkewe Scolastika akiwa na miaka arobaini na sita, alinunua ng'ombe wa kulimia, akaezeka nyumba bati, akapata majaruba manne ya mpunga.

La tano alilitaka kwa jirani yake Melania, mjane. Jaruba hilo liko pale maji ya mvua yanapoingia kwanza, na mwenye nalo huvuna hata mwaka ambao wengine wanalia. Ndaki aliliomba mara tatu auziwe. Mara ya tatu Melania alimjibu mbele ya watu kisimani: "Baba Enock, lile jaruba ni la mwanangu. Hata ukija kuniuliza nikiwa maiti, nitakataa."

Ndaki aliondoka na neno moja tu kichwani: maiti. Kwake lile halikuwa jibu. Lilikuwa apizo.

Miaka ikapita, wakawa wanapishana njiani bila salamu. Ndaki alipofika hamsini na saba, goti lake la kulia lilianza kuvimba wakati wa kupanda mpunga. Asubuhi lilikuwa gumu kama mlango uliovimba kwa mvua, na akilikunja lilisaga ndani, kwa sauti ambayo hata mkewe aliisikia. Chooni, kwenye choo cha shimo, alishindwa kuinuka. Alifunga kamba kwenye boriti ya choo ili ajivute nayo, akamkataza Scolastika asimwambie mtu.

Alikwenda kwa mganga mmoja upande wa Ushetu. Mganga alitikisa vibuyu vyake, akamwambia adui ni mwanamke, mjane, anayelala upande wa machweo. Hakutaja jina. Hakuwa na haja ya kulitaja, Ndaki alikuwa amekwenda nalo tayari.

Mkutano wa kijiji uliofuata ulikuwa wa habari za barabara. Ndaki alisimama akiegemea fimbo, akaomba kusema.

"Mimi sina habari ya barabara," alisema. "Barabara nitaipita na nini? Melania amekula goti langu. Alinitamkia maiti kisimani, mkasikia. Sasa ananila kipande kipande, akianzia chini."

Uwanja mzima wa ofisi ya kijiji ukageuka kumtazama Melania. Mwenyekiti aligeuza karatasi zake kana kwamba anatafuta kitu. Melania alikuwa amekaa na wanawake wenzake, miguu ameinyoosha juu ya kanga. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka sitini, na katika nchi ile mwanamke mzee mwenye macho mekundu huitwa mchawi, naye anajua vizuri maneno kama yale yanakoishia. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Waliokuwa wamekaa naye walikuwa wamesogea.

"Ndaki," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake tupu. "Umeniua."

Siku tatu baadaye alikuta mlango wake umekatwa mapanga matatu, ya juu, ya katikati na ya chini. Aliyeukata hajajulikana hadi leo. Melania hakusubiri. Alifunga gunia la michembe, vile vipande vikavu vya viazi vitamu, akawafunga kuku wawili miguu, akaondoka kwenda mjini Shinyanga kwa binti yake. Aliyembebea gunia hadi barabarani ni Scolastika, mke wa Ndaki, ambaye alikuwa amepanda naye mpunga misimu ishirini.

Scolastika aliporudi alimkuta mumewe kibarazani.

"Chakula nitakupikia," alimwambia. "Nguo nitakufulia. Ila maneno sina tena."

Akafanya hivyo kweli. Aliweka ugali mezani, akaweka maji ya kunawa, akatoka. Mwaka mzima.

Na goti halikupona. Hilo ndilo lililomkera Ndaki kuliko yote. Adui kaondoka, mlango wake umefungwa kwa waya, na goti linazidi. Alieleza watu kwamba mwanamke yule sasa analifanyia kazi akiwa mbali. Baadhi walikubali. Wengine walianza kukwepa kukaa naye, kwa sababu alikuwa na habari moja tu.

Alinunua vidonge vya maumivu kwenye duka la dawa, akavimeza asubuhi na jioni, miezi minane. Vidonge vilituliza goti vikaanza kula tumbo. Siku moja alianguka kwa kizunguzungu, na choo chake kilikuwa cheusi kama lami. Walimkimbiza hospitali ya Kolandoto. Tumbo lilipotulia, daktari alipiga picha ya magoti, akaibandika kwenye taa.

"Hili goti limechakaa, mzee. Kuna gegedu, kama mto laini katikati ya mifupa. La kwako limelika."

"Limeliwa na nani?" Ndaki aliuliza haraka.

"Sijasema limeliwa. Nimesema limelika."

Daktari alimpiga marufuku vile vidonge. Alimwambia apunguze uzito na aanze mazoezi ya kuimarisha misuli ya mapaja, akamwandikia barua ya kwenda kliniki moja ya viungo mjini Shinyanga.

Kliniki hiyo ilikuwa nyuma ya duka la vitenge. Mgonjwa alipita kwanza mbele ya Champaben, mama mtu mzima aliyekaa kwenye stuli kati ya majora ya vitambaa, kisha ndipo akafika kwa mpwa wake Umesh. Umesh alizaliwa mjini humohumo, akasomea Afrika Kusini ile fani ya kairopraktiki, ya kutibu mgongo na viungo kwa mikono. Alimsalimia Ndaki kwa Kisukuma, "Mwangaluka, baba," akamlaza kitandani.

Alimkagua muda mrefu. Alizungusha nyonga, akakunja kifundo cha mguu, akabonyeza kiuno. Kisha akashika kifundo kwa mikono miwili, akakivuta taratibu, akafanya hivyohivyo kwenye nyonga. Ndaki aliposhuka kitandani alihisi mguu mwepesi, akatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi.

"Usifurahi sana," Umesh alisema. "Nisikudanganye, baba. Mkono wangu unalegeza palipokaza, na maumivu yanapungua siku mbili tatu. Gegedu siwezi kulirudisha, wala hakuna anayeweza. Kitakachokubeba ni msuli wako mwenyewe. Mimi nakufungulia tu mlango ili uweze kufanya mazoezi. Mwalimu wa mazoezi yuko chumba cha pili." Akaita, "Asteria!"

Aliingia mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kavaa koti jeupe, kashika faili. Alimtazama Ndaki. Ndaki alisubiri shikamoo, kama mtu yeyote wa umri wake angesubiri. Haikuja. Umesh akawageukia wote wawili.

"Mnafahamiana?"

"Huyu ndiye aliyemfukuza mama yangu," Asteria alisema. "Kaa kwenye kiti hicho, mzee."

Ndaki akamtambua. Alikuwa amemwona mtoto huyu akikimbiza ndama, baadaye akasikia kwamba kasomea udaktari wa aina fulani, basi. Alimgeukia Umesh. "Nipe mwingine."

"Tuko wawili tu hapa. Ukitaka mwingine, Mwanza."

"Huyu ataniua."

Asteria alifungua faili. "Ningetaka uwe kilema," alisema bila kupandisha sauti, "ningekwambia nenda nyumbani ukapumzike. Kaa hivyohivyo, usiutumie mguu, subiri. Mwaka mmoja ungekuwa unatambaa. Sasa kaa kwenye kiti, kunja mikono kifuani, inuka bila kujishika."

Ndaki hakukaa. Alichukua fimbo yake, akapita katikati ya vitenge, akapanda pikipiki, akarudi kijijini.

Alikaa nyumbani wiki tatu. Siku moja alikwenda kuangalia maji, na alipovuka tuta la jaruba goti lilikubali kukunjika, likakataa kunyooka. Alianguka kifudifudi kwenye matope. Alijaribu kujiinua, akateleza, akajaribu tena. Wanawake waliokuwa wakipalilia waliacha kazi wakaja, wawili wakamshika makwapani. Mmoja wao alikuwa mkewe. Walipomsimamisha, tope likimchuruzika kwenye ndevu, Scolastika alisema neno lake la kwanza kwa mwaka ule.

"Rudi kwa mtoto wa Melania. Kama hutaki, nenda popote. Lakini humu matopeni sikuinui mara ya pili."

Alirudi kliniki Jumatatu.

Asteria hakumuuliza alikuwa wapi. Kitu cha kwanza alichofanya ni kumnyang'anya fimbo mkono wa kulia, akamsokomezea mkono wa kushoto. "Goti bovu la kulia, fimbo mkono wa kushoto. Umetembea vibaya miaka miwili." Kisha akamkalisha kwenye kiti kirefu.

"Inuka."

Aliinuka akitetemeka.

"Kaa polepole. Usijitupe. Inuka."

Mara tano. Jasho likamtoka. Akamlaza chali, akamfunga mfuko wa mchanga kifundoni, akamwambia anyooshe mguu na kuupandisha kiasi cha shibiri mbili, aushikilie, aushushe. Msuli wa paja ulikuwa umesinyaa kiasi kwamba mguu ulitikisika kama jani.

"Unauma," Ndaki alisema.

"Najua. Ukiuma kwa kuvumilika, endelea. Ukiamka kesho umevimba, tumezidisha, tutapunguza. Usilie mapema."

"Huna adabu, binti."

"Adabu nilifundishwa na mama yangu. Sasa hivi anauza michembe kando ya barabara na anaishi chumba kimoja, kwa sababu yako. Pandisha mguu."

Hivyo ndivyo ilivyokwenda, Jumatatu na Alhamisi, wiki baada ya wiki. Umesh alianza naye, akalegeza nyonga na kiuno, wakipiga soga za mvua na bei ya ng'ombe. Kisha Ndaki alivuka mlango wa pili, na humo hakukuwa na soga. Asteria alihesabu kwa sauti, akasahihisha, akaandika. Alimgusa pale tu kazi ilipomtaka amguse. Ndaki naye alimtilia shaka. Wiki za mwanzo aligoma kunywa maji ya humo ndani, akabeba chupa yake kutoka nyumbani. Asteria aliiona chupa, akaelewa, akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha.

Lakini mguu haukujua ugomvi. Wiki ya tano Ndaki aliinuka kwenye kiti mara kumi bila kusimama kupumua. Wiki ya saba alipanda ngazi za kliniki, akatanguliza mguu mzima kama alivyofundishwa, na kushuka akatanguliza mbovu. Nyumbani alifanya mazoezi yake kibarazani asubuhi, mgongo ukutani, akijishusha nusu na kujipandisha. Kilo zilipungua, maana Asteria alimwambia kila kilo ya tumboni goti linaibeba mara nne, na yeye alikuwa mtu wa kujua mizigo.

Ilikuwa wiki ya nane ndipo Ndaki alipouliza lile ambalo lilikuwa kooni mwake. Alikuwa amekaa, anafuta jasho.

"Kama si mtu aliyelifanya hivi, basi lilitoka wapi? Wazee wangapi wa kijijini wanatembea vizuri? Kwa nini mimi?"

Asteria aliweka kalamu chini. "Geita ulifanya kazi gani?"

"Kubeba viroba."

"Kimoja kilo ngapi?"

"Hamsini. Sitini, kikilowa."

"Kwa siku ulipanda mara ngapi?"

"Kumi na tano. Siku nzuri ishirini."

"Miaka mingapi?"

Ndaki alitazama mguu wake. Jibu alikuwa nalo.

Asteria alichomoa picha kwenye faili, akaishikilia dirishani. "Hapa daktari alipiga picha ya magoti yote mawili. La kulia hili, mifupa imekaribiana. Angalia la kushoto. Unaona nafasi ilivyobaki? Nyembamba. Hili nalo limeanza, ila halijaanza kukuuma. Nikuulize mimi sasa. La kushoto kaliroga nani? Mama yangu yuko mjini, hana hata mahali pa kupanda mchicha. Nitajie jina. Nipeleke kwenye mkutano na mimi nikaseme."

Ndaki aliitazama picha. Aliliangalia goti la kushoto, lililokuwa zima kwa macho, alilolitegemea kila siku. Aliona aibu, na aibu alikuwa hajaizoea.

"Nipeleke kwa mama yako," alisema.

"Sikupeleki. Anakaa Ngokolo, hapahapa mjini, ulizia muuza michembe. Miguu unayo."

Alikwenda kwa miguu. Alimkuta Melania amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, ungo wa michembe mbele yake, amekonda. Ndaki alisimama mbele ya ungo, akavua kofia.

"Mayu," alisema, neno la heshima la Kisukuma. "Nimekuja kuomba msamaha. Nilikosea. Goti lilikuwa la Geita."

Melania aliendelea kufukuza nzi. "Umesema hayo mbele ya nani?"

"Mbele yako."

"Kunitukana ulinitukana mbele ya kijiji kizima. Kuniomba msamaha umekuja kwa siri, upande ambao hakuna anayekujua." Aliokota kipande cha mchembe kilichoanguka, akakipuliza vumbi. "Ondoka kwenye mwanga wangu, wateja hawanioni."

Ndaki alirudi kijijini, akakaa siku kumi na mbili hajaamua. Siku ya mkutano alikwenda. Alisimama bila fimbo, na watu walinong'ona kwa jinsi alivyosimama.

"Mwaka juzi nilisema hapa kwamba Melania amenila goti," alisema. "Nilisema uongo. Sikujua kuwa ni uongo, lakini sikutafuta kujua, kwa sababu nilikuwa nalitaka jaruba lake. Goti limechakaa kwa viroba. Picha ninayo, anayetaka aje aione. Na aliyekata mlango ule, aliukata kwa mdomo wangu."

Alitegemea nini? Pengine ukimya, pengine mtu mmoja wa kumshika bega. Aliyesimama alikuwa kijana mmoja wa ukoo wake mwenyewe, akapiga kelele kwamba mzee amelishwa kitu na binti wa mchawi, kwamba ameshikwashikwa miguu miezi mitatu mjini na sasa anasema wanayotaka aseme. Watu walicheka. Mwingine alisema bora goti lingebaki bovu kuliko kichwa kuharibika. Mwenyekiti alifunga mkutano mapema.

Kuanzia hapo Ndaki naye alikujua kule kusogea alikofanyiwa Melania. Kisimani watu walinyamaza akifika. Ndugu zake hawakumwita kwenye mahari ya mpwa wake. Wapita njia walipomkuta kibarazani akijishusha na kujipandisha ukutani, waliulizana kwa sauti kama hizo ndizo ibada alizofundishwa. Mtu mmoja alirusha bonge la udongo, likampata begani. Ndaki aliendelea kuhesabu. Scolastika alitoka jikoni na mwiko wenye ugali, akasimama katikati ya njia, na waliokuwa wanacheka wakaona ni vyema kuendelea na safari.

Jioni hiyo alimuuliza mumewe kama chumvi imetosha. Wakaanzia hapo.

Melania hakurudi. Aliliuza lile jaruba kwa mtu wa kijiji cha pili, akamwagiza mnunuzi kwa maneno kamili kwamba Ndaki Bujiku asiazimwe hata tuta. Mnunuzi alimfikishia ujumbe. Ndaki aliupokea, akasema sawa.

Alikwenda kliniki mara ya mwisho mwezi wa sita. Umesh alimpima, akamwambia mgongo na nyonga viko vizuri, aje tu pakikaza tena. Asteria alimtaka ainuke na kukaa kwenye kiti kwa nusu dakika, akahesabu mara kumi na nne, akaandika. Goti bado lilikuwa linasaga. Siku za baridi lingeuma, alimwambia, na lisingerudi kuwa jipya. Asiache mazoezi hata akijisikia mzima, hasa akijisikia mzima. Asibebe gunia peke yake. Kuchuchumaa kwa muda mrefu aache.

"Nilisema mkutanoni," Ndaki alisema.

"Nilisikia."

"Mama yako alisikia?"

"Nilimwambia."

"Alisemaje?"

"Aliuliza kama ulikuwa umesimama au umekaa. Nikamwambia umesimama. Akaendelea kupika."

Ndaki alivaa viatu vyake, akainama na kufunga kamba mwenyewe, akanyooka.

"Ahsante, daktari," alisema.

Asteria alikuwa ameshafungua faili la mgonjwa mwingine. "Urudishie mlango," alisema. "Vumbi linaingia."